Mpira wa Katikati

Kabla fundi Erastus hajaja, watu wa kinu cha pamba pale Mukuju, upande wa Uganda, walijua mpira mmoja tu, ule wa kupigwa teke. Erastus alikuwa Msamia wa Busia, upande wa Kenya, fundi wa mashine aliyejifunza mchezo wa wavu jeshini kule Gilgil. Alipoajiriwa kinuni alikuja na sanduku la spana, mpira wa ngozi uliokwisha kubabuka, na kipande cha wavu wa kuvulia alichopewa na shemeji zake wa Sio Port. Msimu wa pamba ulipokwisha na ua wa kinu ukabaki mtupu, alisimika nguzo mbili, akautundika wavu wake uliokuwa bado unanuka samaki, akawaita vibarua waje wajifunze.

Ekwaro alikwenda kwa sababu Osire alimvuta mkono. Ekwaro alikuwa Mteso wa hapo hapo Mukuju, mfunga marobota, mtu mrefu wa maneno machache. Alikuwa amemwoa Akullo, binti wa Kipadhola kutoka Molo, kijiji kisichokuwa mbali, na ndoa ile haikupatikana kirahisi. Mzee Ogwang, baba yake Akullo, alitamka wazi kwamba haoni sababu ya binti yake kwenda kupikia watu ambao hata salamu yao hawezi kuiitikia. Aliyewatetea ni Osire, mdogo wake Akullo. Alimsumbua baba yake kutwa kucha mpaka mzee akasalimu amri. Halafu, kana kwamba ameahidi kuilinda ndoa ile kwa macho yake mwenyewe, akahamia Mukuju, akakaa kwa dada yake na kupata kibarua kinuni. Osire alikuwa kijana wa kucheka. Nyumba ya Ekwaro, iliyokuwa imezoea ukimya, ikajaa sauti yake, na mtoto wa kwanza alipozaliwa, wakamwita Asio, mjomba huyo ndiye aliyembeba kuliko baba.

Siku ya kwanza uwanjani Erastus aliwapanga mstari, akapita akikagua mikono. Alipofika kwa Ekwaro alisimama, akavishika vidole vyake virefu, akavikunja na kuvikunjua kama mnunuzi wa ng'ombe akaguavyo meno.

"Wewe ni busta," alisema.

"Busta ndio nini?"

"Tulia, utajua."

Kisha akawafundisha maneno, maana alikuwa na imani kwamba mchezo ule huanza mdomoni kabla ya kufika mikononi. Sevu, aliwaambia, ni kuuanzisha mpira kutoka nyuma ya mstari, nao upite juu ya wavu bila kuugusa. Wanaopokea wana migusano mitatu, haizidi. Wa kwanza anaupokea kwa mikono aliyoiunganisha, ili usimkatae. Wa pili ni busta. Huyu anaunyanyua kwa ncha za vidole, laini, uning'inie karibu na wavu kama papai lililoiva. Wa tatu anaruka na kulichuma papai lile kwa kishindo, na hiyo ndiyo smashi. Wale wa ng'ambo wakiruka na kuinua mikono kuizuia, hiyo ni bloku. Ukiugusa mara mbili mfululizo peke yako, ni dabo, kosa.

"Na sevisi ova?" Osire aliuliza, kwani alikuwa amelisikia neno lile likitamkwa.

"Sevisi ova ni pale wenye sevu wanapokosea. Ninyi hampati pointi. Mnapata sevu tu. Pointi haimfikii asiye na sevu."

"Kwa hiyo mtu ameshinda lakini hapati kitu?"

"Amepata haki ya kujaribu," Erastus alisema. "Na kila mkiipata sevu mnazunguka, kila mtu nafasi moja, wa mbele anarudi nyuma, wa nyuma anakwenda mbele. Hapa hakuna mwenye kiti chake."

Neno la mwisho alilifundisha akiwa amewasogeza karibu. Mpira wa katikati, alisema, ndio ule unaoshuka kati ya wawili. Kila mmoja akimwachia mwenzake, unaanguka chini. Wote wawili wakiutaka, wanaumizana. Kwa hiyo anayeutaka sharti apige kelele, "Wangu!" na mwenzake akae mbali nao.

"Kwa Kiswahili," alisisitiza. "Hapa kuna Wateso, kuna Wapadhola, kuna sisi Wasamia. Sitaki kusikia lugha ya mama ya mtu."

Walijaribu. Lakini Kiswahili cha upande ule wa mpaka kina njia zake, na kila walipoukimbilia mpira walisema "Yangu!" Erastus alirekebisha, akarekebisha, mwishowe akacheka, akakubali yangu iwe ndiyo neno la timu.

Ekwaro hakuwahi kuwa hodari wa kitu chochote mbele za watu. Sasa aligundua kwamba vidole vyake vina akili kuliko kichwa chake. Mpira ulimjia ovyo, ukamtoka umetulia. Osire ndiye aliyekuwa mpiga smashi wake, na kati yao hapakuwa na haja ya kuitana. Ekwaro alijua mahali Osire atakapokuwa hewani kabla hata hajaruka. Watazamaji walimshangilia Osire, naye aliposhuka chini alimnyooshea kidole shemeji yake, kuwaonyesha watu chanzo. Loy, msichana wa Kigwere aliyekuwa mchumba wa Osire, alikuja kila Jumapili baada ya ibada na kukaa na Akullo kwenye nyasi. Ekwaro aliwatazama wote wale akaona kwamba hiyo ndiyo raha watu waliyokuwa wakiisema.

Desemba ya mwaka sitini na nne, Kenya ilipokuwa inaadhimisha kuwa jamhuri, timu ya kinu ilialikwa kucheza Busia upande wa pili wa mpaka. Walikwenda kwa lori la kinu wakiimba. Askari wa mpakani aliwapungia mkono tu. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, bendera zimetundikwa, na watu wamejaa mpaka juu ya miti.

Walicheza vizuri. Kila upande ulikuwa umeshinda seti moja, na katika ya tatu mzunguko ulikuwa umemrudisha Osire mstari wa nyuma, Ekwaro yuko mbele. Mpiga smashi wa Busia akaruka. Edimu, mwenzao wa kinuni, aliinua mikono kumziba, mpira ukagonga vidole vyake na kupaa juu sana, ukivuka vichwa vyao kuelekea nyuma. Ekwaro aligeuka akaukimbilia, macho juu. Osire naye alikuwa akija kutoka nyuma, ameinama, akijitupa mbele kuuwahi kabla haujagusa vumbi.

Ekwaro alimwona kwa pembe ya jicho wakati umekwisha. Alipiga kelele. Hofu ilipomshika, ulimi haukwenda kwenye neno la mazoezini, ulikwenda kwao. Aliita kwa Kiteso.

Goti lake lilimpata Osire utosini. Ekwaro alianguka juu yake, akabingirika, akainuka akicheka kwa kuwa alidhani ni mgongano kama ile mingine. Osire alikuwa amelala kifudifudi, mpira uko karibu na mkono wake.

"Shemeji, amka."

"Nimeamka," Osire alijibu, sauti yake ya kawaida kabisa. "Lakini mtu amenikalia mgongoni. Mwambie atoke."

Hapakuwa na mtu mgongoni kwake.

Hospitalini Tororo daktari alimchoma sindano nyayoni, miguuni, tumboni, na Osire hakujua kama amechomwa. Mikono ilikuwa imelala kando yake kama ya mtu mwingine. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba uti wa mgongo umekatika shingoni, na kwamba ataongea, ataona, atakula, lakini hayo ndiyo yote. Walimweka muda mrefu, kisha wakasema hakuna zaidi wanachoweza.

Mzee Ogwang alikuja kutoka Molo kwa baiskeli. Alikaa kando ya kitanda bila kuvua kofia, akamsikiliza kila aliyekuwepo uwanjani. Mwishowe alimgeukia Ekwaro.

"Nasikia ni lazima mtu aite."

"Ndiyo, baba."

"Uliita?"

"Niliita."

"Kwa lugha gani?"

Erastus alijaribu kuingilia, akasema mzee, ajali haina kinga, hata mimi jeshini nimeona, lakini mzee alimwinulia kiganja.

"Niliwaambia zamani," alisema. "Nilisema hawa watu hawatasikilizana. Mtoto huyu ndiye alinipinga." Akasimama. "Molo hakuna zahanati. Mukuju iko. Na aliyemvunja ndiye atamlea."

Ndivyo Osire alivyorudi kwenye nyumba ya dada yake, amebebwa kwenye blanketi na watu wanne, na kulazwa katika chumba cha mbele ambapo aliweza kuona njia.

Ekwaro alimlea. Alfajiri kabla ya kwenda kinuni alimgeuza ubavu, akamsafisha kama anavyosafishwa mtoto mchanga, akambadilisha matambara. Jioni alifanya vivyo hivyo. Akullo alimlisha uji na kumpaka mafuta. Mwanzoni wachezaji walijaa chumbani kila Jumapili, wakitaniana kwa sauti kubwa mno, sauti ya watu wanaoogopa. Kisha wakaanza kuja wawili wawili. Kisha Edimu peke yake. Loy alikuja kwa karibu mwaka mzima, akikaa kwenye mkeka na kusuka vikapu. Siku moja Osire alimwambia asirudi tena, aolewe. Loy alilia, akakataa, akarudi mara kadhaa, halafu hakurudi. Baadaye walisikia ameolewa Mbale, na hakuna aliyemlaumu.

Kinuni mambo yaliharibika. Maneno ya mzee Ogwang yalikuwa yamesafiri. Wapadhola walianza kukaa kivyao saa za kula, Wateso kivyao, na mtu akipita na robota bila kusema samahani lilikuwa jambo. Erastus alijaribu kuwarudisha uwanjani. Siku ile walikuja, wakasimama kila kabila upande wake wa wavu. Hakupiga hata filimbi. Aliukunja wavu wake, akauweka chini ya sanduku la spana, na mwaka uliofuata akapata kazi Kisumu. Alipokuja kuaga alishindwa kuingia chumbani kwa Osire. Alisimama dirishani, ameshika kofia yake ya jeshi, akasema tu, "Kijana, mimi niliwafundisha vizuri, sivyo?"

"Vizuri sana, fundi," Osire alimjibu. "Wewe huna kosa."

Jambo lililomtesa Ekwaro kuliko kinyesi na vidonda ni kwamba Osire hakumchukia. Angemtukana, angepata pa kushika. Badala yake Osire alitaka habari za mpira. Ekwaro hakuthubutu kumwambia kwamba timu imekufa. Akaanza kumtungia mechi. Yeye mtu wa maneno machache, alikaa kwenye kigoda kila Jumapili alasiri na kusimulia kuanzia sevu ya kwanza: nani alipokea, nani alinyanyua, smashi ilipita wapi, bloku ya nani ilivunjika, sevisi ova ngapi mfululizo hadi watu wakachoka kukaa. Alisimulia huku jasho likimtoka. Mechi zote zilikuwa za ushindi.

"Shemeji," Osire alisema siku moja, akitazama dari. "Hiyo timu yako haifungwi hata mara moja?"

Ekwaro alijipangusa jasho usoni.

"Edimu ananiambiaga kila kitu. Ule uwanja mmeweka ng'ombe siku hizi." Osire hakuwa na hasira. "Lakini usiache. Mimi nasikiaga raha."

"Nisamehe."

"Ya mpira ama ya shingo?"

Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kutajwa kati yao. Akullo alikuwa mlangoni na bakuli la uji, akasimama pale pale.

"Nataka kukuuliza," Ekwaro alisema. "Siku ile. Ulisikia mimi naita?"

Inzi alikuwa akitembea kwenye paji la uso wa Osire. Ekwaro aliinama akamfukuza.

"Nilisikia," Osire alisema. "Sauti yako naijua hata kwa kelele. Ile lugha sikuishika vizuri, na watu wanapiga kelele. Nilidhani unaniambia mimi nichukue. Ndiyo maana nikajitupa."

Bakuli halikumponyoka Akullo. Aliingia, akakaa, akamlisha mdogo wake uji wote kijiko kwa kijiko, akampangusa midomo. Lakini kuanzia siku hiyo hakumtazama mumewe usoni.

Mvua za mwaka sitini na sita zilikuja na vidonda vya mgongoni ambavyo havikupona hata kwa dawa ya zahanati. Chumba kilinuka. Osire aliacha kucheka, na siku moja alifunga kinywa kijiko kilipokuja. Akullo alibembeleza, akakemea, akalia. Walimwita katekista aje amwombee, naye akaomba kwa machozi. Osire aliitikia amina, kisha akafunga kinywa tena.

"Mwambie ale," Akullo alimwambia Ekwaro uani. Ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyomwambia kwa wiki nyingi. "Wewe anakusikiaga."

Ekwaro aliingia na bakuli. Osire alimtazama kwa macho yaliyozama ndani.

"Shemeji, nimechoka kugeuzwa."

"Mimi sijachoka kukugeuza."

"Najua. Ndiyo hiyo imenichosha zaidi."

Ekwaro alikaa na bakuli lile magotini mpaka uji ukaganda utando juu. Alijua jambo la kusema, lile ambalo mume wa mtu na shemeji wa mtu anapaswa kusema, la kumtia moyo. Alilitafuta katika Kiteso, akalitafuta katika Kiswahili, hata katika kile Kipadhola kidogo alichojifunza kwa mkewe. Hakulipata. Akaliweka bakuli chini. Hakumshurutisha, na Akullo, aliyekuwa akisikiliza nje ya dirisha, alijua kwamba hakumshurutisha.

Osire alikufa asubuhi ya Jumamosi, mvua ikinyesha, wakati Ekwaro akimgeuza.

Walimpeleka Molo. Kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba ya mzee Ogwang, udongo mwekundu umelowa. Watu walipopanga mstari kutupa udongo, Ekwaro alijipanga pamoja nao. Alipofika, mzee Ogwang alimzuia kwa fimbo aliyoilaza mbele ya kifua chake. Watu waliokuwa nyuma wakapita kando, mmoja mmoja, na Ekwaro akabaki amesimama na udongo mkononi hadi ukamtiririka kati ya vidole.

Matanga yalipokwisha alimwambia mkewe kwamba ni wakati wa kwenda nyumbani. Akullo alikuwa akiosha masufuria. Aliendelea kuosha.

"Mimi siendi."

"Akullo."

"Sikulaumu. Nimejaribu kukulaumu, nimeshindwa. Umemlea kama mtoto wako, Mungu ameona." Aliinamisha sufuria maji yatoke. "Lakini ukimwita Asio kwa Kiteso, hata kama ni kumwita tu aje ale, mimi nashtuka. Nasikia ile sauti. Nawezaje kulala nyumba ambamo nashtuka kila siku?"

"Nitaacha. Nitaongea Kiswahili tu."

"Utaacha na mama yako? Na majirani? Mukuju yote itaacha?"

Wazee wa pande mbili walikutana. Wa upande wa Ekwaro walikuwa na haki ya kumdai mtoto, na mjomba wake Opolot alikuwa tayari kubishana hadi jua kuzama. Ekwaro aliwaambia wamwache Asio kwa mama yake. Opolot alimshika bega, akamuuliza kama amerogwa. Alisema hapana. Alisema nyumba ile imepoteza mtu mmoja kwa mkono wake, yeye hawezi kwenda kuchukua wa pili. Wazee wakatikisa vichwa na kuondoka, na wengine wao hawakumsalimu tena.

Aliendelea na kazi kinuni. Alifunga marobota, akarudi kwake, akapika, akalala. Mama yake alimletea wasichana wa kuoa, naye akawapokea kwa heshima, akawasindikiza kwao. Vijana wapya wa kinu waliosikia kwamba zamani alikuwa busta walimwomba awafundishe. Walikuwa wamenunua mpira. Aliwaelekeza kwa Edimu. Walipoanza kucheza uani alikuwa akipita njia ya nyuma, ya mbali, kando ya mtambo, kusudi asiwasikie wakiitana.

Mwaka wa sitini na tisa, siku ya soko Tororo, aliona Akullo amekaa mbele ya rundo la ufuta, amenenepa kidogo, kitambaa cheupe kichwani. Kando yake alikuwa msichana mwembamba, miguu mirefu, akichagua mawe katika ufuta kwa vidole virefu. Ekwaro alisimama nyuma ya wauza viazi kwa muda, akitafuta nguvu. Kisha akaenda.

Akullo alimwona. Alimwitikia kwa kichwa, si kwa uadui, akasogea ili apate nafasi ya kuchuchumaa.

Ekwaro alimsalimu mtoto kwa Kiteso, kwa salamu ile ile aliyokuwa akimpa alipokuwa bado anatambaa. Msichana alimtazama, akamgeukia mama yake na kumuuliza jambo kwa Kipadhola, haraka haraka. Akullo alimjibu kwa sauti ya chini. Msichana akamtazama Ekwaro tena, safari hii kwa adabu, akapiga goti kama alivyofundishwa kuwapigia wakubwa.

"Hajambo, mzee," alisema kwa Kiswahili cha sokoni. "Wewe nataka ufuta?"

"Ndiyo," Ekwaro alisema. "Nipimie."

Alimpimia kwa kopo, akalijaza mpaka juu, akaongeza konzi moja kama wafanyavyo wachuuzi kwa mteja mgeni wanayetaka arudi. Ekwaro alipokea kwa mikono miwili. Akullo alikuwa ameinamia kikapu chake, akikunja na kukunjua kitambaa kisichokuwa na haja ya kukunjwa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuja kuuliza ufuta, Asio akamgeukia, na Ekwaro akainuka kumpisha.